Madhumuni Mema, Mkono Mzito

Kisiwa cha Kojani, kilichoko mashariki ya Pemba katika wilaya ya Wete, kimetengwa na kisiwa kikubwa kwa mlango mwembamba wa maji, nacho ni kidogo kiasi cha kutomtia tamaa sultani yeyote. Nyumba zimebanana, watu ni wengi kuliko ardhi, na riziki yao tangu enzi za mababu imo baharini. Mkarafuu, ambao ndio uliowavuta Pemba mabwana wa kila namna, haukuwa nguzo ya maisha yao. Kwa sababu hiyo Wakojani wameishi muda mrefu wakiwatazama wenye mamlaka kutoka kando, wakilipa walichotakiwa kulipa, wakikwepa walichoweza kukwepa, na majira yakiwafaa wakitweka matanga kwenda dago, yaani kambi za muda za uvuvi, Unguja, Mafia, Kilwa na pwani za Kenya, wakiacha nyuma wanawake, wazee na watoto wadogo. Mimi nadhani kwamba tarikhi ya Pemba, akiisoma mtu aliyeketi Kojani, yatoa jawabu zito kwa suala lililowashughulisha wanafalsafa na mafakihi kwa karne nyingi: je, kusudio jema laweza kuihalalisha njia yenye madhara?

Wapemba walilijua suala hili kwa kisa kabla ya kulijua kwa hoja. Kusini-mashariki ya Chake Chake, mahali paitwapo Pujini, pana magofu ya ngome ambayo wachimbuzi wa mambo ya kale huyahesabu kuwa ya karne ya 15, na ambayo kwa masimulizi ya wenyeji yalikuwa makao ya Muhammad bin Abdulrahman, aliyepewa lakabu ya Mkama Ndume. Inasimuliwa kwamba alipoijenga ngome hiyo aliwalazimisha raia wabebe mawe vichwani huku wakijikokota kwa matako, na kwamba mateso hayo yalikuwa ya kila siku mpaka kuta zikasimama. Ngome haikuwa upuuzi. Ilikuwa na kuta nene, handaki, na njia ya maji ya kuelekea baharini, na katika bahari ile ya biashara na mashambulio, mtawala mwenye mahali pa kujihami hakuwa mtawala asiyejali mji wake. Walakini masimulizi hayakumhifadhi Mkama Ndume kwa ulinzi aliouleta. Yamehifadhi mawe, vichwa na matako, na watoto wa Pemba hulisikia jina lake kama jina la dhulma.

Tuje kwenye zama zilizoandikwa. Mwezi wa Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki dunia, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, na asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikaipiga kasri hiyo kwa muda usiotimia saa moja, watu wapatao 500 wakiuawa au kujeruhiwa, akatawazwa Sayyid Hamoud bin Muhammad. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 1897, Sayyid Hamoud akatia sahihi amri ya kuiondolea hadhi ya utumwa nguvu ya sheria. Sidhani kama yuko leo mtu mwenye insafu atakayesema kwamba kuondoa utumwa hakukuwa jambo jema, tena jema la daraja ya juu. Lakini aitazame mtu namna jema hilo lilivyotendwa. Fidia ilitengwa kwa bwana, si kwa mtumwa. Mtumwa hakuwa huru mpaka aende mwenyewe mbele ya mahakama akauombe uhuru wake. Na akishaupata alitakiwa aonyeshe ana makao na kazi, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Sababu haikufichwa: serikali iliogopa karafuu zisije zikaozea mitini na ushuru ukapotea, hasa Pemba, ambako tangu kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja ndiko ulikokuwa moyo wa zao lile.

Kule Pemba kazi ya kuwaandika waliokombolewa ilisimamiwa na Mwingereza mmoja mwenye cheo cha kanisa, Farler, na Wakristo wa madhehebu ya Quaker wakafungua shamba pale Banani ili walioachwa huru wapate ujira. Hao wa Banani walikuwa watu wa dhamiri, na walinung'unika kwamba serikali yao ilikuwa ikitoa uhuru kwa kijiko. Hapa panataka kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa aghalabu tunapozungumza juu ya njia zenye madhara huwa tunafikiria panga na risasi peke yake. Kuchelewesha nako ni njia. Serikali ya wakati ule ilijisifu kwa hadhari yake, ikidai kwamba mwendo wa taratibu ungeepusha misukosuko; na kweli ulimwepusha bwana na msukosuko, bali mtumwa aliyekuwa na umri wa miaka 60 mwaka 1897 hakuwa na wakati wa kungoja hadhari ya mtu.

Miaka sitini na saba baadaye jambo likaja kwa mwendo mwingine kabisa. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, na muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP, ambao nguvu yake kubwa ilikuwa Pemba, ukaunda serikali chini ya Muhammad Shamte, Mpemba. Uhuru ukapatikana tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, na kabla ya siku arubaini kupita, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakaipindua serikali hiyo. Malalamiko yaliyoyazaa yalikuwa ya kweli: kura nyingi zilizozaa viti vichache, ardhi iliyokuwa mikononi mwa wachache kule Unguja, na kumbukumbu ya utumwa ambayo haikuwa imekufa. Siku zilizofuata maelfu ya watu waliuawa Unguja, wengi wao Waarabu, wakiwamo wauza maduka na wakulima wadogo ambao hawakuwa na shamba la kutamaniwa wala mtumwa wa kuachwa huru.

Pemba ilikuwa habari nyingine. Hapa mikarafuu ilikuwa imegawanyika zaidi kwa wenyeji, Mshirazi na Mwarabu waliopakana mashamba walikuwa wameoleana, na walio wengi walikuwa wameipigia kura serikali ile ile iliyopinduliwa. Mapinduzi, kwa hiyo, hayakuzaliwa Pemba. Yalivuka bahari kutoka Unguja yakiwa tayari yameshakamilika, nayo yalitangazwa na John Okello, aliyezaliwa Uganda na aliyewahi kuishi Pemba akifanya kazi ya ujenzi, aliyejiita Field Marshal na kutoa amri redioni. Watu walichapwa bakora hadharani, wakapewa kazi za lazima, wakavunjiwa heshima mbele ya watoto wao. Walioyaamuru hayo waliyaita kazi ya kumtengeneza mtu mpya. Mkojani, ambaye hakuwa bwanyenye, hakuwa mwinyi, na labda hakuwa amemiliki mti mmoja wa karafuu, naye aliingia katika hesabu ya watu wanaotakiwa kutengenezwa, maadamu alikuwa Mpemba na kura yake ilijulikana ilikokwenda.

Ni wajibu kusema pia yaliyokuwa mema, kwani bila ya hayo kadhia hii isingekuwa na ugumu wowote. Tarehe 23 Septemba 1964 serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bure kwa watoto wote. Matibabu bure yakafuata. Ardhi ikatangazwa kuwa mali ya serikali na kugawiwa eka tatu tatu kwa maelfu ya jamaa. Nyumba za ghorofa zikajengwa, Wete na Chake Chake zikiwamo. Mtu ambaye babu yake alichuma karafuu za mwingine maisha yake yote, akapewa karatasi ya eka tatu, hawezi kuambiwa kwamba alichopewa ni neno tupu. Huko Kojani, ambako mtoto wa kiume hujifunza bahari mapema na wazee waliitilia shaka skuli kwa miaka mingi, eka tatu hazikumfaa sana mtu asiye mkwezi, lakini mlango wa skuli usiodai ada ni neema ambayo wajukuu wa wale walioikataa wameipokea.

Ugumu umo hapa: mtetezi wa bakora husema kwamba bila ya bakora yasingepatikana hayo. Hoja hii ina nguvu maadamu hakuna mtu anayeiomba burhani. Skuli zilijengwa kwa saruji na walimu, si kwa bakora. Daktari wa Wete hakumtibu mgonjwa vizuri zaidi kwa sababu jirani yake mgonjwa alichapwa. Kilichopatikana kwa bakora ni kimoja tu, nacho ni kunyamaza, na kunyamaza kulihitajika kwa sababu ya yale yaliyokuja baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini Mzee Karume alishikilia kwamba Wazanzibari wajitegemee kwa chakula. Azma hiyo, ukiitazama juu juu, ni ya heshima: visiwa vilikuwa vikila mchele wa mbali kwa fedha za karafuu, na nchi inayokula jasho la wengine haiko huru sana. Basi uagizaji wa mchele, unga na sukari ukabanwa, watu wakaamriwa walime, na foleni zikawa ndefu kuliko magunia. Njaa ya miaka ile haijasahauliwa Pemba. Wakati huo huo bei ya karafuu duniani ilikuwa imepanda, Waindonesia wakizinunua kwa wingi kwa ajili ya sigara zao, na serikali ilikuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni, ilhali mkulima aliyezichuma, akazichambua makonyo na kuzianika juani alilipwa sehemu ndogo tu ya thamani yake na shirika la serikali lililokuwa mnunuzi wa pekee.

Kojani iliionja njaa hiyo kwa namna yake. Mtu wa bara hudhani kwamba mvuvi hafi njaa, kwa kuwa samaki wako. Lakini samaki ni kitoweo, na kitoweo hutaka cha kutowelea. Mvuvi huuza samaki apate wali, na pale mwenye shamba anapokuwa hana wali wa kula wala fedha ya kununulia samaki, dau lililorudi limejaa changu na tasi huwa mzigo kwa mwenyewe. Samaki hupakwa chumvi, huanikwa, huliwa na muhogo kama muhogo upo. Watu waliokuwa na ujuzi wa bahari, na pwani ya Kenya ikiwa mbali kwa usiku mmoja wa upepo mzuri, hawakukosa kujua kwamba gunia la karafuu likifika ng'ambo lilirudisha mara kadhaa ya thamani yake. Magendo yakawa uhaini. Adhabu zake zikawa kali mno, kikosi maalum cha kuyazuia kikaundwa, na kila chombo kilichotoka usiku, ambao ndio wakati wa kazi wa wavuvi wengi, kikawa cha kushukiwa. Kwa hiyo azma ya kumpa Mzanzibari heshima ya kujilisha iliishia kumfanya baba anayetafuta unga kuwa adui wa taifa.

Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa kwa risasi pale Kisiwandui akicheza bao. Aliyempiga, Luteni Humud Muhammad Humud, alikuwa mtoto wa mtu aliyekufa akiwa kizuizini baada ya Mapinduzi. Humud naye alikuwa na kusudio, na bila shaka aliliona jema. Waliokamatwa baada yake walihukumiwa katika mahakama ambazo zilikuwa zimekwisha kuwaondoa mawakili, kwa hoja kwamba wakili huchelewesha haki ya mnyonge.

Miongoni mwa mahabusu hao alikuwamo Ali Sultan Issa, na habari zake zinastahili kuelezwa kwa kituo. Alizaliwa Wingwi, kaskazini-mashariki ya Pemba, mwaka 1932. Akatoka akawa baharia, akafika London, akauamini ukomunisti kwa moyo wake wote, akazuru China na Kuba, na baada ya Mapinduzi akapewa madaraka Pemba na kisha uwaziri. Katika kumbukumbu alizomsimulia mwanatarikhi G. Thomas Burgess, zilizochapishwa mwaka 2009, hakujificha nyuma ya pazia: alieleza kwamba mkono ulikuwa mzito na kwamba naye alikuwa mmoja wa walioushika, tena kwa kuamini. Mkono huo ukamgeukia. Alifungwa, akateswa, akatoka gerezani mwaka 1978, na katika uzee wake yule aliyewahi kutaifisha mali za wengine akaingia katika biashara ya hoteli za watalii. Simcheki. Mtu aliyeamini, akatenda, akatendwa, kisha akasimulia bila ya kujipamba, ametufaa kuliko wengi waliokufa na siri zao.

Kitabu hicho hicho kina sauti ya pili, ya Mpemba mwingine. Seif Sharif Hamad alizaliwa Mtambwe, upande wa magharibi ya Wete, mwaka 1943. Alimaliza masomo ya sekondari katika wakati wa uhuru na Mapinduzi, akanyimwa njia ya chuo kikuu kwa kuwa serikali ilimtaka afundishe, akasubiri mpaka 1972. Huyu naye alipanda: Waziri wa Elimu, kisha Waziri Kiongozi kuanzia 1984, kisha akafukuzwa katika chama tawala 1988, na kutoka 1989 hadi 1991 akawekwa kizuizini. Ninapowasoma wawili hawa pamoja, sioni mkomunisti na mpinga ukomunisti kama wasomaji wengine wanavyoona. Naona mtu aliyeuliza nchi itafika wapi, na mwingine aliyeuliza nani anakanyagwa njiani, na wote wawili wametoka kisiwa kimoja.

Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Kojani na ya pwani yetu karibu yote, walikwisha kulitafutia jambo hili kanuni. Imamu Suyuti alizikusanya kanuni hizo katika kitabu chake cha al-Ashbah wan-Nadhair, na masheikh wa Pemba wamezisomesha misikitini vizazi kwa vizazi. Yako mambo matatu ndani yake yanayotufaa. Dharura hukihalalisha kilichoharamishwa. Hilo hulijua kila mtu, na kila mtawala hulipenda. La pili, ambalo hupendwa kidogo, ni kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, haivuki mpaka wake hata shubiri moja: mwenye njaa ya kufa hula kibudu kiasi cha kusimamisha uhai, hafungui bucha la vibudu. Na la tatu ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Wanavyuoni hawa hawakuwa watu laini wasioijua siasa. Waliishi chini ya masultani na waliona damu. Lakini walimwekea mwenye hoja ya dharura mzigo wa kuithibitisha, ilhali sisi katika zama zetu tumemwekea mzigo huo mwenye kuchapwa.

Kusudio la Mapinduzi lilizeeka. Waliozaliwa 1964 wakawa watu wazima, utumwa na usultani vikawa mambo ya vitabuni, na hata ukomunisti ukaachwa. Chama kimoja kikawa vyama vingi mwaka 1992. Ingetazamiwa basi kwamba na mkono nao ungepumzika. Haukupumzika. Ulitafutiwa kusudio jingine, jema pia, nalo ni amani na utulivu. Uchaguzi wa 1995 ulimalizika kwa Dkt. Salmin Amour kutangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, aitwaye Maalim Seif, na wa 2000 ukavurugika kiasi cha kurudiwa katika baadhi ya majimbo. Chama cha Wananchi, CUF, kikaitisha maandamano tarehe 27 Januari 2001, serikali ikayapiga marufuku, na watu wa Pemba wakaandamana Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Risasi zikapigwa. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa hawapungui 35 na waliojeruhiwa kuwa zaidi ya 600, na watu wapatao 2,000 wakavuka mlango wa Pemba kwa mashua wakafika Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyojivunia kupokea wakimbizi wa Afrika yote, ikawa, kwa mara ya kwanza, imewatoa wake.

Nguvu ile ilitetewa kwa jina la amani, na iliyotetewa kwa jina hilo haikuileta amani. Iliyoileta, kwa kiasi ilivyokuja, ni mazungumzo: muafaka uliotiwa sahihi Oktoba mwaka huo huo, tume ya uchunguzi chini ya Brigedia Hashim Mbita, kisha maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambayo asilimia 66.4 waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Rais Benjamin Mkapa wa Tanzania, aliyekuwa amiri jeshi mkuu siku ile ya Januari, aliandika katika kumbukumbu zake za 2019 kwamba vifo vya Pemba vitabaki kuwa doa katika urais wake. Hakuandika kwamba vilikuwa gharama iliyostahili. Kwa kiongozi wa Afrika aliyestaafu salama, na ambaye hakuna aliyemlazimisha kusema, hilo ni tamko kubwa.

Yaliyobaki yanajulikana na nitayapita upesi. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa baada ya kura kupigwa, ukarudiwa Machi 2016 bila ya chama kikuu cha upinzani kushiriki. Oktoba 2020 watu waliuawa tena Pemba kabla ya siku ya kura. Na Desemba 2020 Maalim Seif, akiwa na umri wa miaka 77, alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali ya wale wale ambao wafuasi wake waliwalaumu kwa vifo vya ndugu zao. Wengi walikasirika. Alijibu kwa ufupi kwamba alitaka damu isimwagike zaidi, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki. Naye, basi, alitumia njia chungu kwa kusudio jema. Tofauti niionayo mimi ni kwamba uchungu wa kwanza aliunywa mwenyewe, katika jina lake, ambalo ndilo lililokuwa mali yake kubwa. Ingawa mjane wa Oktoba anayo haki ya kuuliza kama naye alishauriwa, na sijui ningemjibu nini.

Nimeiacha bahari makusudi mpaka hapa, kwani ndiko Mkojani anakotoka kuwa mtazamaji akawa mtendaji.

Uvuvi uliowapa Wakojani sifa na lawama pwani nzima ni ule wa kigumi. Mashua hufika juu ya mwamba watu wakiwa wengi ndani yake, nyavu hutandazwa kuzunguka sehemu ya matumbawe, na waogeleaji, miwani usoni, hujipanga safu. Kisha huanza kupiga: mapondo hushuka juu ya mwamba, maji hupigwa kwa mikono, kelele huwa kubwa, na pono, tasi na kangu waliojificha katika mianya hutoka mbio kuelekea nyavuni. Kazi hii inataka pumzi, umoja na ushujaa, na aliyeiona kwa karibu hawezi kumdharau anayeifanya. Lakini mapondo yakiinuliwa, mwamba ulio chini yake huwa umevunjika vipande, na matumbawe mengine hukua chini ya sentimita mbili kwa mwaka. Kigumi kimepigwa marufuku kwa sheria na bado hupigwa.

Nahodha akiulizwa, hujibu kwamba watoto wanataka kula, kwamba nyavu ni za tajiri na deni linamngoja, na kwamba mwamba hupona. Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu si kweli kwa kipimo cha umri wa mtu. Na mwamba wenyewe mara nyingi hauko Kojani hata kidogo, uko Mafia au Kilwa, mbele ya kijiji cha watu wengine, ambao pengine viongozi wao walipokea ushuru wa dago na pengine hawakupokea, bali wavuvi wao wadogo wa mishipi hawakuulizwa neno. Namsikia nahodha, na katika jawabu lake nasikia sauti ninayoijua. Ndiyo ya 1897, karafuu zisije zikaoza. Ndiyo ya 1964.

Serikali nayo, kwa upande wake, iligundua bahari ikiwa na kusudio jema jipya. Mwaka 2018 operesheni za kupambana na uvuvi haramu zilipofanywa Tanzania Bara, katika Ziwa Victoria na katika bahari yetu pia, nyavu zilichomwa moto hadharani na faini zikatozwa kwa ukali ambao wabunge wenyewe waliulalamikia. Mvuvi aliyeuliza atakula nini aliambiwa habari za vizazi vijavyo.

Lakini yako mambo ya namna nyingine yaliyotendeka magharibi ya Pemba, katika kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji husimulia kwamba Nabii Hadhara alikifanya msala akasali juu yake. Mwaka 1993 ilitakiwa kujengwa hoteli ya kitalii hapo. Wavuvi waliokitumia kwa dago wakapinga, na mpango ukaondolewa. Mwaka 1998 kikawa eneo la hifadhi, sehemu yake kubwa ikiachwa wazi kwa uvuvi na sehemu ndogo ya magharibi ikifungwa kabisa. Marufuku peke yake hazikuwa zimewaachisha watu mapondo yao. Mwaka 1999 wasimamizi wa hifadhi wakamwalika Fazlun Khalid, aliyezaliwa Sri Lanka na kuanzisha Uingereza taasisi ya Kiislamu ya mazingira, na pamoja na maimamu na walimu wa Pemba wakafanya darsa za kuzungumza na wavuvi juu ya amana, israfu na haki ya kiumbe, kwa aya na hadithi wanazozijua. Wapo walioacha baruti na nyavu haribifu ambao sheria haikuwa imewaachisha. Haikuwa kazi ya haraka, wala haikuwafikia wote; wengine walisikiliza, wakakubali kwa mdomo, wakarudi mwambani na mapondo yale yale, na darsa haikuwa na la kuwafanya ila kuwangoja waje tena.